Mlezi wa Rebeka na daftari la maziko

Somo: Mwanzo 35:8

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mstari wa juma hili ni rahisi kuupita bila kuuona. Yakobo yuko Betheli, amejenga madhabahu, Mungu yu karibu kumtokea tena. Katikati ya hayo makubwa mwandishi anakatiza habari: Debora, mlezi wa Rebeka, amekufa, amezikwa chini ya mwaloni, na mti ule ukaitwa mwaloni wa kilio. Basi. Habari za Yakobo zinaendelea.

Mama huyu tulishakutana naye sura ya 24, Rebeka alipoaga kwao kwenda kuolewa. Pale anatajwa kama mlezi tu. Jina lake tunalipata siku ya kuzikwa. Ajabu ni kwamba kifo cha Rebeka mwenyewe hakisimuliwi popote. Alikozikwa tunakujua kwa kuwa Yakobo, akikaribia kufa, anawatajia wanawe waliolala katika pango la Makpela: Ibrahimu na Sara, Isaka na Rebeka, na Lea (Mwanzo 49:31). Masikioni mwangu hilo ni daftari la maziko linasomwa kwa sauti.

Makanisa yalichelewa kuwa na daftari la namna hiyo. Uingereza, amri ya kila parokia kuandika ubatizo, ndoa na maziko ilitoka mwaka 1538. Kwa Wakatoliki, kitabu cha ibada cha Roma cha 1614 kiliwataka maparoko watunze pia kitabu cha wafu. Tangu 1813 parokia za Kianglikana huko Uingereza zilitumia kurasa zilizochapwa, watu wanane kila ukurasa: jina, makao, siku ya kuzikwa, umri, aliyeongoza ibada. Mwenye shamba na kibarua wake walipata nafasi ileile.

Kwenye makaburi ya kanisa la kijijini, wengi hawakuwahi kuwekewa jiwe. Msalaba wa mbao huoza, tuta hushuka hadi kulingana na ardhi, na anayechimba kaburi jipya anaweza kupiga jembe juu ya bibi wa mtu. Daftari ndilo la kumwambia asogee, kama liliandika safu na namba ya kaburi. (Mengi hayakuandika, na ugomvi huanzia hapo.)

Ukipata kufungua kurasa za zamani, soma umri. Siku tatu. Miezi miwili. Mwaka mmoja. Ukikuta watoto wengi wamezikwa ndani ya majuma machache, huhitaji kuambiwa kwamba ugonjwa ulipita, ingawa hakuna mahali pa kuandika chanzo cha kifo.

Wala si wote walizikwa kwa sala. Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha 1662 kilizuia ibada ya maziko kwa aliyekufa bila ubatizo, aliyetengwa na kanisa, na aliyejiua. Hapo ndipo ninaporudi kwa Debora na kukaa sana. Hatuambiwi lolote kuhusu imani yake. Tunaambiwa alikuwa mlezi, na kwamba watu walilia mpaka mti ukapata jina.

Tuombe: Bwana, uliyetuhifadhia jina la yaya mzee, wakumbuke waliozikwa bila sala, na wale vichanga ambao karani aliandika "mtoto" akafunga daftari. Amina.