Nilivyoandika wasifu wa bibi kwa kufungua kabati lake la nguo

Bibi alipofariki, kazi ya kuandika wasifu wa marehemu iliniangukia mimi kwa sababu ile ile inayowaangukia wajukuu wengi: “Si wewe ndiye uliyesoma?” Nikakaa na kalamu, nikaandika kwamba alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto, akaugua. Nilipousoma nikaona ukibadilisha jina tu pale juu, unaweza kumzikia mtu yeyote.

Nikaanza kuuliza watu bibi alikuwa mtu wa namna gani. Mkarimu, mcheshi, mpenda watu. Kweli tupu, lakini sifa hizo hupewa kila marehemu, hata wale tuliowajua vingine.

Aliyenifungulia njia ni mama mdogo, siku tuliyokuwa tukipanga nguo za bibi. Alichomoa gauni la kijani, akacheka peke yake. “Hili ndilo alilomvalia daktari.” Daktari yupi? Basi nikasimuliwa kisa ambacho sikuwahi kukisikia. Bibi alikuwa ameambiwa magoti yake yamechoka, apunguze kutembea na aachane na visigino. Miadi iliyofuata alitokea na gauni lile, mkufu shingoni, kisigino juu, akapanda ngazi taratibu huku akihakikisha mlango wa daktari uko wazi. Alipofika juu akamsalimia, kisha akaomba kiti haraka kabla hajaanguka.

Kuanzia hapo sikuuliza tena sifa. Nilimletea mtu nguo moja, naiweka mezani, nauliza: aliivaa wapi, nani alikuwepo, nani alimshonea? Simu inarekodi pembeni, nimeilaza kifudifudi ili watu waisahau. Nilijizuia kudakia maneno, maana mtu mzima akinyamaza mara nyingi hajamaliza, anatafuta jina.

Rafiki zake wa zamani walinishangaza. Gauni la mwaka juzi walilitikisia kichwa tu, lakini la ujanani liliwatoa maneno mpaka chai ikapoa. Baadaye nikajua kwamba watafiti wa kumbukumbu wameliona jambo hili: mtu akishazeeka, mambo yanayomjia kwa wingi ni ya umri wa kati ya miaka 10 na 30 hivi. Kwa hiyo nguo za zamani nikazipeleka kwa wazee, za karibuni nikawaachia binamu zangu.

Nguo zenyewe pia zilisema. Karibu kila gauni, hata la dukani, lilikuwa na mfuko alioushona mwenyewe upande wa kulia, kwa ndani. Uzi haukulingana na kitambaa kila mara, lakini mishono ilikuwa midogo na imebana. Ndani yake tulikuta leso, pini na pipi zilizoganda kwenye karatasi zake. Leso na pipi zilikuwa za watoto. Pini zilikuwa za mtu yeyote atakayekutana naye kifungo kimemkatika. Nilikua nikimwona akimsimamisha mtu asiyemjua njiani, “Hebu simama mwanangu,” anamrekebisha kola, anampigapiga begani, wanaachana. Wengine walimdhania mtu wa kujipenda, na alijipenda hasa! Ila jicho lile lile alilojitazamia kwenye kioo ndilo alilowatazamia wenzake, na hilo nikalifanya uti wa mgongo wa wasifu wote.

Picha zilinipa kazi ya aina yake, maana nyuma hazikuandikwa kitu. Mavazi ndiyo yaliyonisaidia kukisia miaka: mjomba akiwa na bugaluu, ile suruali pana miguuni, na bibi juu ya raizoni, vile viatu vya soli nene, hapo hatubishani, ni miaka ya 1970. Zilizonata kwenye albamu nilizibandua kwa uzi wa kusafishia meno, nikiupitisha chini ya picha polepole; inayogoma unaipiga picha hapo hapo ilipo. Zote nikaziskani kwa nukta 600 kwa inchi, ili hata sura ndogo ya nyuma ikikuzwa itambulike. Majina niliyaandika nyuma kwa penseli laini, maana kalamu ya wino hukandamiza na wino huweza kupenya upande wa pili.

Kuandika kwenyewe hakukuchukua muda. Kilichouma ni kukata, kwa sababu nilikuwa nimepewa dakika chache na nilikuwa na visa vya mchana kutwa. Niliusoma kwa sauti nikiangalia saa, na pale sauti iliponikatikia nikaweka alama. Nakala ya pili nikampa binamu asimame karibu, nikishindwa aendelee kutoka kwenye alama. Aliendelea mara moja, nikapumua, nikampokea. Kwenye kisa cha daktari waombolezaji walicheka, na mjomba akanisahihisha kutoka alipoketi kwamba mkufu ule ulikuwa wa kuazima.

Lililobaki bila jibu ni mwaka wa kuzaliwa. Kitambulisho kinasema hivi, ndugu yake mkubwa anasema vile, nami nikaandika tu kwamba aliishi zaidi ya miaka 90. Mjomba anashikilia kwamba bibi alijipunguzia miaka kwa makusudi siku ya kuandikishwa, na kwa nilivyomjua, simpingi.