Mguu wa boti uliokataa kupanda

Boti yangu ya faiba ina mashine ya ndani, MerCruiser ya zamani, na mguu wake, ule unaobeba rafadha, umetokeza nje tezini. Hapa Lamu mguu huo usiponyanyuka, boti haina kazi. Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, hupitika maji yakijaa, na hata hapo kuna mahali usipouinua kidogo rafadha inalima mchanga.

"Ami, haupandi," mpwa wangu aliniita asubuhi moja. Kushuka ulishuka, lakini ukibonyeza kitufe cha kupandisha unasikia "tak" tu. Pampu ya mafuta inayousukuma mguu ina relei mbili zinazofanana, yaani swichi za umeme, ya kupandisha na ya kushusha. Nikazibadilisha nafasi. Mguu ukapanda, ukakataa kushuka. Basi mota ya pampu ni nzima, relei moja imekufa. Nikatia nyingine na kusugua vichwa vya waya vilivyoota kutu ya kijani. Wengi hukimbilia kufungua pampu. Tafadhali msianzie huko.

Lililonitoa jasho lilikuja baada ya hapo. Nikiuacha mguu juu jioni, alfajiri naukuta chini, na nyuma ya boti maji yana utando wa rangi rangi. Mafuta ya haidroliki yalikuwa yanatoka. Tangi la pampu nalijaza leo, kesho limepungua.

Nikangoja bamvua. Siku hizo maji hupwa mwendo wa saa nne, saa tano asubuhi, boti ikalala mchangani Shela bila winchi wala kreni. Kabla ya kugusa paipu yoyote niliukingia mguu boriti ya mkoko na kuufunga kamba. Mguu ni mzito na unashikiliwa na mafuta tu. Ukilegeza paipu wakati haujakingiwa, mkono wako umekwenda.

Silinda zinazouinua mguu ni mbili, moja kila upande, na kila moja ina fimbo inayotoka na kuingia. Mfuniko wa silinda una matundu mawili madogo na hautaki spana ya kawaida. Nikachukua bapa la chuma, nikatoboa, nikatia bolti mbili zilizochongwa. Ule wa kulia ulifunguka. Wa kushoto, chumvi ilikuwa imeushika. Nikaumwagia mafuta ya kulegeza kutu, nikaupasha moto taratibu, nikaugonga, nikarudia. Maji yalikuwa yameanza kurudi ndipo ukasogea.

Ndani nikaona sababu. Fimbo ya kushoto ilikuwa na magamba ya bahari yaliyogandamana nayo, na kila ilipoingia ndani yaliikwaruza sili ya mdomoni, mpira unaozuia mafuta yasitoke. Hapo ndipo mafuta yalipovujia baharini. Lakini kilichoushusha mguu usiku ni o-ringi ya pistoni, pete ya mpira iliyo ndani ya silinda, imekauka na kupasuka, mafuta yanapita upande wa pili. Nilibadilisha sili na o-ringi zote, silinda zote mbili. Nilisugua fimbo kwa msasa laini wenye mafuta mpaka ukucha ukawa haukwami, na nikafunga vipande vipya vya zinki, vile vinavyoliwa na chumvi badala ya silinda.

Mafuta hupimwa mguu ukiwa chini kabisa. Nikajaza, nikaupandisha na kuushusha mara kadhaa hewa itoke, nikaongeza tena. Jioni nikauinua, nikapiga mstari wa chaki kwenye fimbo.

Alfajiri mpwa wangu alitangulia kwenda kutazama. Mstari ulikuwa palepale.