Siku moja maishani mwangu: afisa kumbukumbu kati ya uwazi na faragha

Saa 1:30 asubuhi

Mimi ni afisa kumbukumbu katika halmashauri, na kazi yangu ina pande mbili zinazovutana kila siku: kumpa mwananchi nyaraka anazostahili kuziona, na kuhakikisha kwamba nyaraka hizo hazimwaniki mwananchi mwingine ambaye alikuja kwetu kutafuta huduma tu. Huanzia kwenye ubao wa matangazo, kabla watu hawajapanga foleni. Leo imebandikwa orodha ya walioitwa kwenye usaili, na aliyeichapa ameziacha safu zote kama zilivyotoka kwenye fomu: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho na namba ya simu. Aliyeitwa anahitaji kujiona, na umma unahitaji kujua kwamba mchujo ulifanyika. Kwa hayo mawili, jina na namba ya ombi vinatosha. Vilivyobaki vinamnufaisha tapeli peke yake. Naibandua orodha, naagiza ichapwe upya, na ile ya kwanza naipitisha kwenye mashine ya kuchana karatasi.

Saa 2:30 asubuhi

Juu ya meza kuna ombi la mwandishi wa habari anayetaka kuona malipo ya posho na safari za madiwani na watumishi kwa mwaka wa fedha uliopita. Jina la aliyelipwa, cheo, kiasi, tarehe na madhumuni ya safari vinatoka vyote, kwa kuwa fedha ni za umma na aliyezipokea alizipokea kwa cheo chake. Namba ya akaunti ya benki na anwani ya nyumbani hazitoki, kwa kuwa hazimsaidii yeyote kujua kama safari ilikuwa ya halali.

Kabla sijamaliza, mtumishi mmoja wa ngazi ya juu anaingia na kuniambia, "Majina yetu yafunikwe. Sheria ya taarifa binafsi inatulinda." Namjibu, "Mkuu, inalinda maisha yako binafsi. Sahihi uliyoweka kwenye hati ya malipo uliiweka kwa niaba ya ofisi." Sikubaliani kabisa na matumizi hayo ya sheria, na naona ni hatari kuliko uzembe wa kawaida wa masjala. Kenya ilitunga sheria ya upatikanaji wa taarifa mwaka 2016 na ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019. Tanzania mwaka 2016 na 2022. Uganda mwaka 2005 na 2019. Kotekote sheria ya uwazi ndiyo iliyotangulia, na ya pili haikuja kuifuta. Ulinzi wa taarifa ukigeuzwa pazia la wakubwa, wananchi watauchukia, na watakaoumia ni wale wasio na pazia lingine lolote.

Saa 4:00 asubuhi

Sehemu kubwa ya asubuhi inakwenda kwenye jalada la kamati ya mipango miji, linalotakiwa kuwekwa kwenye tovuti pamoja na mihtasari ya vikao. Ndani yake mna barua za wakazi waliopinga ujenzi wa karakana jirani na makazi yao. Mmoja wao, akitaka kamati ielewe uzito wa kelele, ameeleza kwa kirefu ugonjwa wa mtoto wake, dawa anazotumia na hospitali anakotibiwa. Aliiandikia kamati, hakudhani kwamba mtu yeyote, popote alipo, angeweza kuyasoma hayo miaka mingi baadaye. Uamuzi wa kamati lazima uonekane, sababu zake lazima zionekane, na hoja ya kelele lazima ibaki, la sivyo msomaji hataelewa kwa nini kibali kiliwekewa masharti. Ugonjwa wa mtoto, jina lake na namba ya simu ya mzazi vinaondolewa. Kila mahali nilipoondoa kitu naacha alama inayoonekana pamoja na sababu, kwa maana kufuta kimyakimya kunamnyima msomaji haki ya kuhoji.

Namna ya kuondoa nayo ina mashaka yake. Kuweka mstatili mweusi juu ya maandishi ya faili la PDF hakuondoi chochote: maneno yamebaki chini yake, na mtu akiyanakili na kuyabandika kwingine anayasoma yote. Ndivyo ilivyotokea Marekani Januari 2019, mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya urais ya Donald Trump, walipowasilisha waraka mahakamani ukiwa na sehemu zilizopakwa weusi, na waandishi wa habari wakazisoma papo hapo. Kwa hiyo natumia programu inayofuta maandishi yenyewe, kisha najaribu kunakili kila ukurasa niuone kwa macho yangu. Naangalia pia maelezo yaliyojificha ndani ya faili, kama vile jina la aliyeliandika na masahihisho ya awali, na kwenye lahajedwali natafuta safu zilizofichwa. Safu iliyofichwa ipo palepale. Anayepokea faili anaifungua kwa kubofya mara moja.

Saa 6:30 mchana

Mama mmoja anaomba kuzungumza nami faragha. Jina lake na anwani yake mpya vimo kwenye daftari la walipa kodi ya majengo ambalo yeyote anaweza kulikagua, na mtu ambaye mama huyu alimkimbia sasa anamtafuta. Simhoji zaidi ya ninachohitaji kwa uamuzi. Mwaka 1989 mwigizaji Rebecca Schaeffer aliuawa mlangoni kwake, Los Angeles, na mtu aliyepata anwani yake kutoka kumbukumbu za magari za jimbo la California kupitia mpelelezi wa kukodiwa. Mwaka 1994 Bunge la Marekani likatunga sheria ya kuzibana kumbukumbu hizo. Anwani kwenye daftari ni mstari mmoja tu, lakini kwa huyu mama ndiyo siri inayomweka hai. Naagiza nakala ya wazi ionyeshe namba ya kiwanja na kiasi cha kodi tu, na daftari kamili libaki mikononi mwa wachache wanaolihitaji kikazi. Naagiza pia ripoti za zamani zilizopandishwa kwenye tovuti zikaguliwe, kwa kuwa kurekebisha daftari la leo hakugusi nakala ya jana.

Saa 8:30 mchana

Mtafiti anaomba daftari zima la leseni za biashara, pamoja na takwimu za wanufaika wa misaada kwa kila mtaa. Nia yake ni njema na kazi yake ina faida, ila daftari zima ni jambo tofauti na ukurasa mmoja unaokaguliwa dirishani. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwishaliona hilo mwaka 1989, iliposema kwamba kukusanya mahali pamoja kumbukumbu zilizotawanyika huko na huko kunagusa faragha hata kama kila moja peke yake ilikuwa wazi. Miaka michache baadaye Latanya Sweeney, akiwa mwanafunzi, alinunua orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20, akailinganisha na takwimu za matibabu zilizoondolewa majina, akapata taarifa za gavana wa Massachusetts, William Weld. Katika orodha ile watu 6 walikuwa na tarehe ya kuzaliwa sawa na ya gavana, 3 kati yao wanaume, na mmoja tu aliishi kwenye msimbo wake wa posta.

Hivyo kwenye takwimu za misaada naangalia idadi ndogo. Jedwali likisema kwamba mtaa fulani una mnufaika 1 mwenye ulemavu wa macho, majirani wote wanamjua. Naunganisha mitaa midogo na kuweka makundi ya umri badala ya tarehe. Leseni zinatoka kwa jina la biashara, aina na eneo, bila simu za wamiliki.

Saa 10:00 jioni

Napitia kwa haraka majalada ambayo muda wake wa kutunzwa umekwisha. Taarifa tusiyokuwa nayo haiwezi kuvuja kwetu. Kisha naandika majibu ya siku. Kila barua inataja nilichotoa, nilichozuia, kifungu nilichotumia, na mahali pa kukata rufaa kwa asiyeridhika. Jibu la mwandishi wa habari linaondoka likiwa na majina yote ya waliolipwa, na chini yake nimeongeza kwamba maombi ya kuyaficha yaliletwa na yamekataliwa.