Shavu la kulia

Shuleni waliniita Kanga. Si ile ya kujifunga, yule ndege. Vidoa nimevitoa kwa baba, mtu wa Tanga, maji ya kunde, pua na mashavu kama amepitiwa na baiskeli kwenye tope. Ndio urithi pekee aliouacha ambao ndugu hawakuugombea, na mpaka nafika miaka thelathini haukuwahi kunikosesha usingizi.

Kilichonikosesha usingizi kilikuja baada ya kujifungua wa pili. Baka la kahawia likakaa shavu la kulia, pana kama kiganja cha mtoto, na jingine dogo kushoto. Nikajiambia vidoa vimeamua kukutana.

Dar es Salaam ukiwa na kitu usoni, kila mtu ni daktari. Konda aliniambia nipake dawa ya meno. Shoga yangu wa Kariakoo akaniletea mkorogo kwenye kikopo kisicho na lebo, elfu kumi na kitu, na kwa wiki tatu niling'aa mpaka jirani akauliza kama siku hizi nalala kwenye kiyoyozi. Nilipoacha, baka lilirudi na wageni wake: chunusi, muwasho, na ngozi nyepesi inayowaka hata kwa maji ya kunawa. Vitu vile ndani huwa na steroidi kali, au haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi, ambayo hakuna aliyeipima, wakati mwingine hata zebaki. Vimepigwa marufuku na bado unavipata kwa kukonyeza jicho.

Lakini mkorogo haukunidhalilisha kama ndimu.

Ilikuwa harusi ya binti wa shangazi, Tanga. Nilifika Alhamisi, shangazi akanishika kidevu. "Mwanangu, uso gani huu? Kamua ndimu, changanya na liwa, paka, kaa nayo. Bibi yako ndivyo alivyofanya." Bibi, nakumbuka vizuri, tulimzika na vidoa vyake vyote. Ila nani anabishana na shangazi nyumbani kwake?

Nikapaka. Na kwa kuwa nyumba ya harusi haina mgeni, nikapewa ungo nikakaa uani na wenzangu kuchambua mchele wa pilau, jua la saa nne mpaka adhuhuri. Nilivyotoa jasho, ndimu ikateremka kidevuni hadi shingoni. Siku hiyo sikuona kitu, nikamsifu shangazi. Ijumaa uso ukawa unachoma. Jumamosi alfajiri nikajitazama kwenye kioo cha bafuni: malengelenge, tena kwa michirizi, palepale maji ya ndimu yalipopita, kama mshumaa uliolia. Ndani ya ndimu kuna kemikali ambayo ikikutana na jua juu ya ngozi huunguza, na haiunguzi hapohapo, inangoja siku moja au mbili. Yangu ilingoja harusi.

Nikaazima nikabu nikajiona mjanja. Nilichosahau ni kwamba ukumbi ulikuwa wa wanawake watupu. Wenzangu wote wamefungua vichwa, vikuku hadi kwenye kiwiko, taarabu inalia, mimi peke yangu nimejifunika kama nimekuja kuiba zawadi. Bi mkubwa mmoja akanisogelea: "Binti, humu hakuna mwanamume, vua upumue." Nikafunua kidogo. Akasema "Subhanallah," akaishusha mwenyewe kwa mkono wake.

Malengelenge yalipona, michirizi ikabaki myeusi kwa miezi. Hapo ndipo nikaenda kwa daktari wa ngozi, na ada yake ilikuwa ndogo kuliko pesa nilizokwisha kutupa kwenye vikopo. Aliangalia vidoa kimoja kimoja kwa lenzi yenye taa. "Hivi ni vya baba yako. Wewe huna seli za rangi nyingi kuliko wenzako, ila zako zina haraka, zikiona jua kidogo tu zinamwaga rangi. Viache." Baka akasema ni kesi nyingine, melasma: homoni zinaliwasha, jua linalichochea, hata joto la jiko halilisaidii. Akauliza kama natumia vidonge vya uzazi wa mpango. Vilikuwa mkobani. Nikahamia kitanzi cha shaba.

Kisha akaniuliza swali lililonifanya nicheke: "Kwenye daladala unakaa upande gani?"

Miaka sita natoka Mbagala kwenda Posta, na siku zote nagombea kiti cha dirishani kulia, kwa sababu mlango uko kushoto na sipendi kukanyagwa. Asubuhi gari linaelekea kaskazini, jua linatoka kulia. Jioni linarudi kusini, jua linazama, kulia tena! Ile foleni ya Kilwa Road, saa nzima, nimeliweka shavu moja juani kama mhogo wa makopa. Na usidanganywe na kioo, miale inayoamsha baka inapenya.

Niliuliza kuhusu leza, maana kliniki moja ya urembo iliniambia laki kadhaa kwa kila awamu na "unatoka kama yai". Daktari akasema kwa ngozi yetu leza isiyofaa, au mkono usiojua, inaacha weusi kuzidi wa mwanzo. Kugandisha kwa baridi ndiyo mbaya zaidi, seli za rangi zinakufa upesi, unabaki na alama nyeupe. Akaniandikia krimu ya asidi azelaiki kwa miezi, si wiki, na sanskrini, krimu ya kukinga jua, kila siku hata mawingu yakitanda. Ya kwanza niliyonunua ilinitoa uso wa majivu, nikaogopwa na mwanangu. Chukua yenye rangi ya kahawia. Ile rangi ni oksidi ya chuma, inazuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao huchochea baka. Haikuwa bei rahisi, elfu thelathini na ushee, nikawa naikamua kwa kukunja tyubu hadi mwisho.

Mwezi wa tano wa tiba dada wa mapokezi kazini akaniuliza kama nimebadilisha poda. Baka halijaisha, nikiukosea uso likizo moja ya ufukweni linarudi kuchungulia, lakini lazima ulitafute kuliona. Vidoa viko vyote. Asubuhi konda ananipigia kelele, "Dada, kulia kuna siti!" nami nabanana kushoto na watu wa mlangoni, nakanyagwa.

Shangazi amewaambia Tanga nzima ni ile ndimu, ilichelewa tu kufanya kazi.