Fundi wa Gikomba na robo ya tembe

Jana nililala bila kumeza tembe ya usingizi. Juzi pia, na mwezi mzima uliopita. Nayasema haya kwa majivuno, kwa sababu kuna muuza dawa mmoja hapa Nairobi aliyeniapia kwamba mtu akishazianza hizi tembe haziachi hadi kaburini, kwa hiyo afadhali ninunue pakiti kubwa, bei inashuka.

Mimi ni fundi wa nguo katika soko la Gikomba. Sare za shule, suruali, na magauni ya harusi yakija siyafukuzi. Moto wa Gikomba mnaujua, ukikukosa mwaka huu una mwaka ujao. Ule ulionipata uliondoka na cherehani zangu na vitambaa vya wateja, vingi vikiwa vimeshalipiwa. Asubuhi yake nilisimama kwenye majivu nikimsikiliza mama wa bibi harusi akiniuliza kama magauni labda yalipona.

Usingizi ukakatika. Nikaenda kliniki moja ya kulipia karibu na nyumbani, Umoja. Daktari alikuwa mpole na alikuwa na haraka. Aliniuliza silali tangu lini, hakuniuliza kwa nini. Nikatoka na diazepamu ya miligramu 5, mbili kila usiku, wiki mbili. Na wiki hizo mbili, niseme haki ya Mungu, nililala, na nilihitaji kulala.

Wiki mbili zikaisha, tembe hazikuisha. Sheria inataka cheti cha daktari, lakini muuza dawa alikuwa ameshanizoea hadi akawa ananitolea kabla sijafungua mdomo, kwa pesa zisizozidi za chai na chapati. Diazepamu, ambayo wazee waliijua kwa jina la Valium tangu 1963, ni dawa ya muda mfupi. Kwa usingizi na wasiwasi ushauri wa kawaida ni wiki mbili hadi nne. Mwili unaizoea, na kwa sababu dawa na mabaki yake hukaa damuni siku kadhaa, tembe ya leo inaikuta ya jana bado haijaaga. Nilikuwa naamka saa moja, akili inaamka saa nne. Kuna suruali niliitia zipu nyuma. Mteja akadhani ni mtindo, akalipa.

Nilipolalamika kwamba nimekuwa mzito na machozi yanatoka ovyo, muuza dawa akanitolea ya pili, amitriptilini, “ya kuinua moyo.” Niliikataa kwa sababu ya bei, si kwa sababu ya akili. Hapo hakuna aliyekuwa ametaja moto wala deni, na mimi nilishaanza kujiita mgonjwa.

Sasa shemeji yangu. Shemeji ana kifua kipana na ana maoni. Alinikuta nikimeza, akasema, “Mwanamume mzima unalazwa na kidonge? Tupa!” Nikatupa pakiti nzima chooni mbele yake, akanipigia makofi. Siku ya kwanza sikuona kitu, nikajisifu kwa majirani. Kumbe ni ile dawa iliyokuwa bado damuni ikinibeba. Baada ya siku chache mikono ikaanza kutetemeka, uzi hauingii kwenye tundu la sindano hata nilambe mara ngapi. Jasho la usiku likalowesha godoro. Sauti ya cherehani, niliyoishi nayo tangu ujana, ikanigeuka, kila mshono unanigonga kichwani. Na nilikuwa na oda ya sare, kwa cherehani ya kukodi, kodi inahesabika kwa siku. Nikashona mashati yenye mikono yote miwili ya kulia. Si moja. Nikayapiga pasi vizuri, nikayakunja, nikayapeleka shuleni mwenyewe. Mwalimu mkuu alinipigia simu akaniuliza, kwa heshima zote, kama mimi nimewahi kumwona mtoto.

Nikaamini ndio ugonjwa wangu wa kweli huo, uliokuwa umefichwa na dawa. Hapo ndipo wengi hunaswa. Mtu anaona mtetemeko na wasiwasi, anasema “bila dawa siwezi,” kumbe ni mwili unaodai kile ulichozoeshwa. Nikarudi dukani mbio. Baadaye nilielezwa kwamba kwa kukata ghafla vile ningeweza hata kuanguka kifafa. Shemeji alipoambiwa hilo alikuwa anakula nyama, akaendelea kula.

Aliyenisaidia ni daktari mmoja wa akili katika hospitali ya serikali. Nilienda kwa siri, maana Gikomba ukisema daktari wa akili watu wanasikia Mathari, hospitali iliyoko tangu 1910 na mpaka leo inatumika kama tusi. Nikapanga foleni nikiwa nimevuta kofia hadi puani, na mbele yangu nikamkuta mteja wangu wa suti, naye na kofia yake. Tulisalimiana kuhusu hali ya hewa.

Daktari, mama wa makamo, alinisikiliza kidogo kisha akaniuliza, “Mzee, hebu niambie, unadaiwa na nani?” Nilikaa kimya muda mrefu kidogo. Halafu nikaanza kutaja, na hakunikatiza. Akasema kukosa usingizi ukiwa umeunguliwa na mali ya watu ni jambo la kutarajiwa, na dawa ilikuwa ya kunivusha tu. Akanieleza kwamba kule Newcastle, Uingereza, profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya watu waliokwama kwenye dawa za jamii hii kuanzia 1982 hadi 1994, na alichosisitiza ni kupunguza polepole, kwa mwendo wa mgonjwa mwenyewe. Kipimo changu akakipanga yeye: robo ya tembe ishuke kila wiki mbili, na nikiona vibaya nisimame hapohapo, nisirudi juu.

Robo ya tembe! Tembe yenyewe ni ndogo kuliko kifungo cha shati. Kwa kisu cha jikoni nusu inakubali, robo inakuwa unga. Mke wangu akaniambia, “Si wewe ni fundi?” Nikachukua kipande cha kitambaa kizito cha suruali, nikakikunja mara nne, nikaiweka tembe juu isiteleze, nikachukua wembe mpya, ule wa kufumulia mishono, nikausukuma chini mara moja bila kukereza. Robo safi. Nikawa nakata za wiki nzima Jumapili, nazitia kwenye vile vijifuko vya vifungo, kila kimoja nimekiandika siku kwa chaki. Kwenye daftari la wateja nikajifungulia ukurasa: kifua, kiuno, mabega, halafu saa za usingizi. Daktari alipouona ukurasa huo aliwaita wenzake waje watazame. Mtu asiazime hesabu yangu lakini. Suti haishonwi kwa vipimo vya jirani.

Robo za mwisho ndizo zilikuwa ngumu, kwa sababu ukibakiwa na nusu tembe, robo ni nusu ya kila kitu ulicho nacho. Kuna mahali nilisimama mwezi mzima. Kazi yote ilichukua miezi sita hivi, au saba.

Usingizi nao ulikuwa na masharti: kuamka saa ileile hata kama nimelala kidogo, kutolala mchana, na nikikosa usingizi nitoke kitandani nikakae sebuleni. Simu ilale jikoni. Wanaonidai hupiga usiku, sijui kwa nini.

Deni nililishughulikia kwa miguu. Niliwafuata wateja mmojammoja badala ya kuwakimbia. Wengi walikubali niwashonee kwa ufundi wa bure wakileta kitambaa chao, na chama cha mke wangu kikatukopesha cha kununulia cherehani iliyotumika. Usiku wa siku niliyokubaliana na mama wa bibi harusi nililala mapema kuliko usiku wowote wa diazepamu.

Kuna jamaa sokoni aliyesikia habari zangu akaanza kumcheka binamu yangu anayemeza dawa za akili. Nilimnyamazisha. Binamu yangu alikuwa akisikia sauti zikimwamuru mambo. Leo ana duka na anawalea wanawe, na dawa zake haziguswi na mtu isipokuwa daktari wake. Yake ni maradhi, yangu ilikuwa hasara ya moto.

Tembe zilizobaki nilizirudisha hospitalini. Jirani yangu muuza viatu alikasirika, alitaka nimuuzie. Shemeji naye anawasimulia watu kwamba ni yeye aliyeniponya siku ile chooni. Anavaa suruali niliyomshonea mimi, na hajailipa.