Faili la 10 lilivyozidiwa na la 99

Ushauri ulionichosha kuliko wote kuhusu kuandaa seva za Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi kwa pamoja) ni huu: "Bandika amri hizi tano, umemaliza." Nilizibandika kwenye seva tatu za Ubuntu 22.04, kila moja ina CPU 2 na RAM ya GB 4 hivi, zikapita zote. Nikaziwasha upya, kubeadm, programu ya kuisimika Kubernetes, ikagoma.

Kisa kilikuwa ip_forward, mpangilio wa kernel (kiini cha Linux) unaoiruhusu seva kupitisha data ya mtandao kwenda kwingine. Lazima iwe 1, na mimi niliandika hiyo 1 ndani ya /etc/sysctl.d/10-k8s.conf. Nikilipakia faili kwa `sysctl -p` (sysctl ndiyo amri ya mipangilio ya kernel) na jina lake, jibu 1. Nikiwasha upya, 0. Nikadhani nimekosea herufi, nikaandika upya kila kitu; 0 tena! Kilichonifumbua macho ni `sudo sysctl --system`, maana hutaja mafaili yote kadiri inavyoyasoma. Yanafuatana kwa majina, na la mwisho ndilo lenye kauli. Langu lilianza na 10. Baada yake likaja 99-sysctl.conf, ambalo ni kiungo tu cha /etc/sysctl.conf, na humo aliyezikaza seva kiusalama aliacha `net.ipv4.ip_forward=0`.

Hapo nikajiona mjanja: nikalibatiza langu zz-k8s.conf. Seva zikiwaka, sawa, 1. Lakini `sysctl --system` huisoma /etc/sysctl.conf mara nyingine mwishoni kabisa, kwa hiyo yeyote akiiendesha, 0 inarudi. Acha ujanja wa majina. Tafuta kwa `grep -r ip_forward /etc/sysctl*`, ufute mstari wenye 0 popote ulipo.

Ukiambiwa "No such file or directory" kwa mpangilio wa bridge-nf-call-iptables, hujakosea jina: br_netfilter, moduli (kipande cha kernel) inayouleta, haijapakiwa. Iandike pamoja na moduli ya overlay, kila moja mstari wake, ndani ya /etc/modules-load.d/k8s.conf. Wakati wa kuwaka, moduli hutangulia sysctl.

Swapu, yaani nafasi ya diski inayotumika kama RAM, nayo izimwe. `swapoff -a` huizima hadi utakapowasha upya tu, kwa hiyo watu huongeza sed, amri ya kuhariri maandishi, inayotafuta neno swap lenye nafasi pande zote ndani ya /etc/fstab, orodha ya diski na swapu za kuwashwa pamoja na seva. Kama fstab yako imetenganishwa kwa tabu, sed hiyo haigusi kitu wala haisemi kitu. Mimi natumia `sed -ri '/\sswap\s/ s/^#?/#/' /etc/fstab`, hata ukiirudia, alama ya # haiongezeki. Kisha `findmnt --verify`, kwa sababu fstab mbovu inaweza kukufungia seva kwenye hali ya dharura.

Seva zangu mbili zilinakiliwa kutoka ya kwanza, zikawa zinagombania anwani moja ya IP. Ubuntu ikiomba anwani kwa DHCP (huduma ya mtandao inayogawa IP) hujitambulisha kwa kutumia /etc/machine-id, kitambulisho cha seva, na nakala hubeba ileile. Usilifute faili, limwage kwa `truncate -s 0 /etc/machine-id`, uwashe upya, litajijaza lenyewe.

Sasa sigusi `kubeadm init` kabla ya kuziwasha upya zote tatu na kuuliza `sysctl net.ipv4.ip_forward`, `lsmod | grep br_netfilter` na `swapon --show`. Hii ya mwisho ikijibu chochote, narudi kwenye fstab.