Daftari la miraba na fainali mbili za besiboli

Fainali za besiboli ya Marekani, World Series, huchezwa mwezi wa Oktoba, na mechi inayoanza saa mbili usiku New York, huku Mombasa ni saa tisa usiku. Anayeanza kuujua mchezo huu afadhali ashike mechi za kale, azitazame mchana kwa nafasi yake. Ila aandike yanayompata kila mpigaji. Ukitazama mikono mitupu, inningi ya nne (inningi ni kipindi ambamo kila timu hupiga zamu moja) haifiki ushapotea. Aliyecheza raunda shuleni nusu ya kazi keshaimaliza.

Chukua daftari la hesabu la miraba, ufungue kurasa mbili, kila timu na wake. Andika wapigaji 9 kwa zamu zao, na chini ya kila jina acha mstari mtupu wa mchezaji wa akiba. Safu za inningi chora 12, si 9, kwa sababu mechi ikiwa sare huendelea. Tumia penseli. Kwa joto letu mkono hutoka jasho na wino hutapakaa; hata ukiwa na penseli, weka karatasi chini ya kiganja.

Panapowatia watu makosani ni nambari. Haziko kwenye jezi; ni za nafasi uwanjani: mrushaji 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, kisha shotistopu 6, na wa nyuma, kushoto hadi kulia, 7, 8, 9. Shotistopu husimama kati ya besi ya pili na ya tatu, basi mgeni humwita 5 na kadi yote ikaharibika. Mpira ukiokotwa na 6 akampa 4, naye akamrushia 3, unaandika 6-4-3: auti mbili kwa pigo moja. Straiki (mrusho ambao mpigaji aliukosa au aliuacha upite katika eneo la kupigia) tatu ni K. Mpigaji akiganda bila kulizungusha gongo kwenye straiki ya tatu, K hiyo igeuze nyuma mbele. Anayefika besi mchoree mstari katika kisanduku chake, besi kwa besi, hadi mistari minne ifanye umbo la almasi, kama besi zilivyo uwanjani. Akirudi nyumbani, alipoanzia kupiga, huo ni mkimbio mmoja: ipake almasi yote.

Anza na mechi ya Oktoba 8, 1956. Don Larsen, mrushaji wa timu ya Yankees, aliwakabili wapigaji 27 wa timu ya Dodgers, na hakuna aliyegusa besi. Ukurasa wa Dodgers hauna mstari hata mmoja wa almasi. Usidhani ni ukurasa mkavu. Inningi ya pili Jackie Robinson alipiga mpira ukamgonga mchezaji wa besi ya tatu, ukaruka kwa shotistopu, naye akamtoa: 5-6-3, alama usiyoiona kila siku. Kisanduku cha mwisho, cha Dale Mitchell, ni K iliyogeuzwa. Mirusho yote ya Larsen ilikuwa 97.

Kisha Oktoba 13, 1960, timu ya Pittsburgh na Yankees, mechi ya saba ya fainali ya mwaka huo. Filamu yake ilikaa miaka na miaka katika ghala la mvinyo la mwimbaji Bing Crosby, hadi ikaonekana mwaka 2009. Tafuta K kwenye kadi hiyo: haipo, pande zote mbili. Mwanzoni mwa zamu ya Pittsburgh katika inningi ya nane, Bill Virdon alipiga mpira wa chini ambao ungekuwa 6-4-3 safi, lakini ulidunda vibaya ukampiga shotistopu Tony Kubek kooni. Ukaandikwa pigo halali la besi moja. Hapo penseli za wengi huteleza na kuandika kosa la shotistopu, herufi E. Mpira ukidunda visivyotarajiwa, lawama si ya mchezaji. Pittsburgh wakapata mikimbio 5, Yankees wakasawazisha 9-9.

Safu ya mwisho ya Pittsburgh ina kisanduku kimoja tu kilichojazwa, cha Bill Mazeroski: boli moja (mrusho uliokosa eneo la kupigia), kisha homurani, pigo la kumzungusha besi zote hadi nyumbani. Almasi imepakwa yote, auti hakuna, na vilivyobaki chini yake ni vitupu.